Chakula cha Kumaliza Matanga

Siku moja bado ninayo moyoni, mwanangu, ile niliyokwenda Lilongwe na shangazi yangu kununua chakula cha kumaliza matanga ya baba. Baba alibaki Bukavu tulipokimbia, akafia huko, na habari ikatufikia kambini Dzaleka, gereza la zamani lililogeuzwa makazi ya wakimbizi, kwa midomo ya watu waliokuja baadaye. Hatukumzika. Mama aliketi mkekani, akaacha kula. Akipelekewa uji alilowesha midomo tu, akarudisha kikombe. Nilikuwa kijana, na niliogopa sana kwamba nitampoteza na yeye.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga mjane ndiye anayeonja kwanza, chakula na kinywaji. Asipoonja, hakuna mgeni anayegusa sahani, na msiba haujaisha. Kwa hiyo safari ile haikuwa ya mchezo, na kile tulichochangiwa na majirani kilikuwa kidogo.

Tulishukia soko la Mchesi. Shangazi alikuwa dada wa baba, tumbo moja, na Bukavu alikuwa na duka la vyakula kwa miaka mingi. Ulimi wake ulikuwa mkali, Mungu amrehemu. Niliona gunia la maharagwe yanauzwa nusu ya bei ya wengine, nikafurahi. Yeye akachota kiganjani, akaona ngozi imekunjamana na rangi imefifia, akayarudisha.

"Iko ya zamani hii. Itamaliza makala yetu yote ya kupikia na haitaiva."

"Lakini tantine, bantu batakuwa bengi."

"Mi najua. We unatafuta kujaza sahani, ao unatafuta mama yako akule?"

Nilinuna njia nzima. Tuliyapita makopo ya samaki yaliyovimba, rahisi kuliko maji. Tukapata maharagwe mapya kwa mama mmoja aliyetaka kuwahi gari la Madisi, akatupunguzia asiyarudishe nyumbani. Kisha usipa, wale samaki wadogo wakavu wa ziwani. Shangazi alinusa fungu baada ya fungu hadi wauzaji wakaanza kumwambia zikomo, yaani asante, mama, aende zake.

Ikabaki divai. Baba alikuwa na kikombe chake kimoja kila Jumapili baada ya misa, na mama ndiye aliyemmiminia. Katika duka kubwa la mjini chupa zilitushinda bei, ila mlangoni kulikuwa na kikapu cha zilizopunguzwa, lebo zimelowa na kuchanika. Shangazi aliinua moja kwenye mwanga, akakagua kizibo kama kimepanda au kimevuja.

"Bantu banalipia karatasi," akasema. Halafu macho yake yakajaa machozi. "Kaka yangu hakunywaka karatasi."

Siku ya matanga watu walijaa hadi kwenye kuta za lile gereza la zamani, na sufuria zetu zilikuwa ndogo. Mama alipewa divai. Akaionja, akakaa nayo mdomoni muda mrefu. Akachukua kijiko cha maharagwe, akameza, akachukua kingine.

"Muniongeze usipa," akasema.

Shangazi alitoka nje kulia. Mimi niligawa chakula, kila mgeni kidogo kidogo, na sikumsikia hata mmoja akilalamika.

Mwanangu, usione haya kutafuta bei ya chini. Mwenye pato dogo hana budi. Msubiri muuzaji anayefunga, kiangalie kikapu cha mlangoni, shika, nusa, uliza. Lakini kabla hujatoa pesa yako, mfikirie atakayekula, kwa jina lake. Kama huwezi kumpa kitu hicho huku unamtazama usoni, kiache, hata wakikugawia bure. Na kikiwa kizuri lakini kichache, kipeleke hivyo hivyo.

Mungu akupe riziki safi, mwanangu, na ampe hamu ya kula kila utakayempikia.