Mbuzi Wamekataa Sailensa Yangu

Leo nimetengeneza gari, mbuzi wakagoma.

Sailensa ya pikapu yetu, mzee wa miaka ya tisini, ilikuwa imetoboka, gari likinguruma ovyo. Nikalala chini yake hapa nyumbani Garissa, nikaziba tundu kwa bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, nikakaza na waya.

Kimya! Nikajisifu, wallahi.

Nikapeleka maji malishoni. Kawaida mbuzi hunikimbilia kabla sijafika. Leo hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Abti, mjomba wangu anayewachunga, akacheka: "Hii gari imenyamaza. Mbuzi atajua aje maji imekuja?"

Nikangoja ipoe, nikafungua waya, nikawasha. Ngurumo ikarudi, na kundi zima likaja mbio.

Wafugaji, mbuzi wenu wanawatambua kwa kitu gani hasa?

Mimi miaka yote nilidhani wananikimbilia mimi.