Mahali Pasipo Upepo

Siku hizi watu wa Munigi humtania Mukamugema kwamba ameajiriwa na barabara. Gari geni likipunguza mwendo karibu na nyumba yake alasiri, yeye huacha maharagwe motoni, hujifuta mikono kwenye kitenge, akatoka kumwonyesha dereva pa kulala na pa kukimbia. Huwaonya hata madereva wa Rutshuru waliozaliwa hapahapa. Jirani yake Kahindo, mwanamke wa Kinande mwenye ulimi mkali na roho nyepesi, humwuliza kama kesho ataanza kuwaonya na mbuzi. Mukamugema hacheki. Hugeuka, akarudi jikoni.

Anachowaonya ni mazuku, upepo mbaya unaotoka ardhini na kulala katika mashimo ya mawe meusi. Hauna rangi, na mara nyingi hauna hata harufu. Mchana jua na upepo wa kawaida huutawanya. Usiku ukitulia, unajaa shimoni kama maji kwenye beseni, na mbuzi anayeshuka humo alfajiri kutafuta majani hapandi tena. Mutoto wa Munigi hufundishwa mazuku kabla ya kufundishwa kusalimia. Nyuma ya shamba la ndizi la Mukamugema kuna shimo moja la namna hiyo, pana, lenye majani mabichi mwaka mzima, na hakuna mutoto anayefuata mpira ukianguka mle.

Alizaliwa katika milima ya Masisi, akasoma kidogo kwa masista, kiasi cha kufuata kitabu cha sala na kujibu salamu ya Kifaransa. Aliolewa na Théoneste, mchunga ng'ombe za watu, ambaye hukaa huko juu na kushuka nyumbani akipata ruhusa. Kwa hiyo watoto ni wake peke yake, na hofu pia.

Hofu hiyo ilizaliwa ile siku mlima wa moto wa Nyiragongo ulipopasuka, wakati wa Zaïre, na moto ukashuka mbio kuliko mutu. Alikimbia kuelekea Goma na watoto mkononi. Kwenye msukumano wa watu, mkono wa mdogo wao, Evariste, ukamponyoka. Walimkuta siku iliyofuata katika mtaa wa Majengo, amekaa juu ya gunia la makaa la mama mmoja asiyemjua, anakula muhogo. Wengine walishukuru Mungu na kusahau. Mukamugema alishukuru, lakini hakusahau. Tangu hapo, Evariste akichelewa kurudi hata kidogo, mama yake huwa ameshafika njiani, hana viatu.

Haikupita miaka mingi, wakaja wale Waswisi.

Aliyetangulia alikuwa mwanaume, juu ya baiskeli, mwekundu kwa jua, na suruali iliyokatwa magotini kama ya mwanafunzi. Jina lake Damien. Nyuma yake ilikuja kombi ya rangi ya maziwa, ikiendeshwa na mke wake, Marie-Claire. Mke alieleza, kwa Kifaransa cha polepole na maneno machache ya Kiswahili, kwamba wametoka kwao kwa gari hilohilo, wamevuka jangwa na msitu, na kwamba barabara ikiharibika sana mume hutangulia kwa baiskeli kupima matope na kukagua madaraja. Walikuwa wanaelekea Rwanda. Kahindo alitaka kujua kama huko kwao hawana nyumba, hata wanahangaika na hii ya magurudumu. Marie-Claire hakuelewa, akacheka tu, akafungua mlango wa ubavuni ili waone.

Kweli ilikuwa nyumba. Kitanda juu chini ya paa linaloinuliwa, jiko la gesi, vikombe vimetundikwa kwenye misumari, na mapazia. Mapazia hayo ndiyo yaliyomshika Mukamugema. Gari lenye mapazia, alifikiri, laweza kubeba kitu chochote bila mtu kujua.

Wakati huo Damien alikwisha kumweka Evariste juu ya fremu ya baiskeli na kuanza kuzunguka naye uwanjani. Wakaenda hadi kwenye mti wa mwisho, wakapotea nyuma yake kidogo, wakarudi. Watoto wote walikuwa wanapiga makofi. Mukamugema alikuwa ameshikilia nguzo ya nyumba.

Wageni wakaomba kulala uwanjani kwake. Kwao Masisi mgeni wa jioni hafukuzwi. Neno la kumkatalia halimo hata mdomoni. Lakini kuwalaza palepale maana yake ni watoto kuingia na kutoka ndani ya lile gari mpaka giza, na asubuhi, gari likiondoka, ahesabu vichwa moyo ukiwa mkononi. Akatafuta mahali ambapo wageni wangekuwa wamepokelewa, na watoto wasingewafuata. Alipajua mahali pamoja tu pa namna hiyo.

Akanyoosha mkono nyuma ya migomba. "Kule chini kuko muzuri," alisema. "Hakuna upepo."

Kombi ikashuka taratibu kwa njia ya mbuzi. Watoto walisimama juu, kwenye ukingo, hakuna aliyeifuata. Mukamugema alijiambia kwamba bado ni mchana. Kabla ya giza atawaita wapande, atasema amepata mahali bora zaidi, watoto wakiwa wamekwisha kula na kufungiwa ndani. Mvua ikanyesha. Akawasha moto, akawakausha watoto, akapakua chakula. Alikumbuka, ndiyo. Akajiambia mvua ina upepo wake, na kitanda chao kiko juu. Alilala bila kulala.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekatika na hewa imesimama. Hata jani la mgomba halikutikisika. Mukamugema alichukua mwenge wa mabua makavu, akauwasha jikoni, akakimbia, akipiga kelele jina la Kahindo.

Toka ukingoni aliona baiskeli imelazwa kwenye majani, gurudumu moja limetolewa. Mawe yetu meusi hukata matairi kama kisu, na Damien alikuwa ameamka mapema kuziba. Alikuwa amechuchumaa, ndivyo kila mtu alivyoelewa baadaye. Sasa alikuwa amelala kando ya gurudumu, shavu chini, mkono bado umeshika pampu.

Mukamugema alishuka akitanguliza mwenge. Alipouinamisha, moto ukazimika kwenye usawa wa goti, bila kelele, kama mtu ameufunika kwa kiganja. Mlango wa kombi ukafunguliwa hapohapo; Marie-Claire akamwona mume wake, akaruka, akaanza kupiga magoti.

"Debout!" alisema Mukamugema. Neno hilo la masista la kuwasimamisha darasa zima lilimtoka kwa sauti yao hasa, na yule mama akasimama wima papo hapo kama mwanafunzi.

Kisha Mukamugema akavuta hewa ya juu, akaifunga kifuani, akainama, akapitisha kitenge chake chini ya makwapa ya Damien, akainuka, akapumua. Kahindo alikuwa amefika. Wanawake watatu wakamburuta kupanda mteremko, vichwa vimeinuliwa kama watu wanaovuka mto, mpaka pale upepo unapopita. Walimlaza ubavu, wakampepea kwa jani la mgomba. Kahindo, ambaye utani haumwachi hata msibani, safari hiyo aliendelea kupepea tu. Muda ulikwenda. Ndipo Damien akakohoa, akatapika, akafungua macho na kuuliza habari za gurudumu.

Siku ile hawakusafiri. Kombi ilipandishwa baada ya jua kukaza, ikasimama uwanjani palepale walipoomba tangu mwanzo. Watoto waliingia na kutoka kupitia mlango wa ubavuni, na Mukamugema hakuwaita.

Asubuhi ya kuondoka, Marie-Claire alileta baiskeli, imekwisha kuzibwa na kupanguswa, akaweka mikono ya Mukamugema juu ya usukani. Alisema wamezungumza, yeye na mume wake, na kwamba kitu hiki ni kidogo mbele ya uhai. Alikuwa analia.

Mukamugema alimwangalia usoni, akamwambia yote kwa Kinyarwanda, lugha ya kwao ambayo mgeni hakuijua: kwamba alijua, kwamba aliwapeleka kule makusudi ili watoto wasiwafuate, kwamba alikumbuka wakati wa mvua akakaa. Alisema mpaka mwisho, polepole, bila kuficha kitu. Marie-Claire alimkumbatia. Maneno ya Kifaransa ya kusema "nilijua" ni mawili, na Mukamugema aliyafahamu tangu darasa la pili. Hakuyatoa.

Théoneste aliposhuka aliikuta baiskeli imeegemezwa ukutani na habari imekwisha kuzunguka Munigi nzima. Alisikiliza toleo la Kahindo, kisha usiku akasikiliza la mke wake. Halafu akasema, "Mama Evariste, uliwatoa. Acha hivyo." Lakini baiskeli hakuipanda. Alirudi Masisi kwa miguu.

Evariste hupenda kuwasimulia wageni jinsi mama yake alivyomtoa muzungu kaburini. Kila akifika mwisho, mama humkata: si yeye aliyemwokoa mtu yeyote. Watu husema tazama unyenyekevu wa huyu mama. Naye huinuka na kwenda nje.

Yeye mwenyewe hajajifunza kuiendesha ile baiskeli. Huisukuma tu. Siku ambazo si za soko huipakia mawe meusi kutoka kwenye moto uliopoa, mengi kuliko inavyostahimili, akaisukuma mpaka nyuma ya migomba, na pale, kwenye ukingo wa shimo, anajenga ukuta. Kahindo alimwuliza anamzungushia nani ua, na shimo lenyewe halina hata cha kuibwa.

"Mugeni," alijibu.

Ukuta sasa umefika kiunoni, umezunguka karibu pande zote. Njia ya mbuzi inayotoka uwanjani kwake, ile kombi iliyoshukia, ndiyo bado iko wazi. Kila mara hupanga mawe hapo, akaona yamekaa vibaya, akayabomoa, akaanza upya.