Msiba wa Hesabu

Mume wangu alikuwa mwanafizikia, na kwa miaka mingi pale Sumbawanga nilishindwa kuwaeleza watu anafanya nini. Mchana alifundisha sekondari, hilo lilieleweka. Lakini alfajiri, kabla sijaenda zamu hospitalini, nilimkuta mezani amejifunika blanketi kwa baridi ya Ufipa, anaandika alama zake nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Miaka hiyo karatasi safi zilikuwa adimu kama sukari.

Alisoma ng'ambo hadi akapata udaktari wa fizikia, akarudi kufundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Baba yake alipofariki, mama yake akabaki peke yake kijijini Mollo na mguu mbovu, naye akaomba uhamisho arudi nyumbani. Wenzake walimwambia anajizika. Tulikutana alipomleta mama kutibiwa. Mimi nilikuwa muuguzi, mgeni kutoka Mbeya. Tukaoana, tukapanga nyumba mjini, mtaa wa Mazwi, na Jumamosi tulipanda baiskeli kwenda Mollo kulima.

Mama ndiye aliyethubutu kumwuliza anaandika nini. Siku hiyo tulikuwa uani tunapepeta ulezi. Akamjibu kwamba yeye na watu wachache duniani wanadhani kila kitu, ukikigawa mpaka kisigawanyike tena, si punje bali ni uzi mfupi kupita kiasi, na uzi huo unatetemeka. Ukitetemeka hivi unakuwa kitu hiki, ukitetemeka vile unakuwa kitu kile.

"Umeuona huo uzi?" mama akauliza.

"Sijauona, mama. Wala sidhani nitauona."

Mama akaendelea kupepeta. Baadaye akasema mambo ya namna hiyo ameyazoea kanisani, kwa hiyo haoni ubaya.

Kulikuwa na swali moja alilolishughulikia tangu tuoane. Mahali fulani hesabu za nyuzi zilitoa majibu yasiyowezekana, naye aliamini ameona njia ya kuyaondoa. Ng'ambo wengi walikuwa wameshaiacha nadharia hiyo, yeye hakuiacha. Mtoto wetu wa kwanza akazaliwa, akatembea, baba yake bado yuko kwenye swali lilelile. Hatimaye akaniambia zimebaki kurasa chache.

Wiki hiyohiyo likaja furushi kwa basi la Mbeya: majarida ya fizikia ya miezi mingi nyuma, kutoka kwa rafiki yake wa chuo kikuu. Alilifungua akipiga mluzi. Nilikwenda jikoni, na niliporudi nikamkuta amekaa, jarida liko wazi magotini. Njia yake ilikuwa humo, imeandikwa na watu wawili wa nchi ya mbali, karibu hatua kwa hatua.

"Wamefika," akasema.

Jumamosi tukaenda Mollo. Ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Alichukua jembe akaungana na wenzake kuinua matuta, akifukia majani chini ya udongo kama Wafipa wanavyofanya, bila kuzungumza na mtu. Mama akaniita pembeni, akaniuliza mwanawe ana nini. Nikamwambia kazi yake ya miaka yote imekufa. Sikujua neno hilo litafika wapi.

Jua halijazama, watu wakaanza kuja kwa mama. Mwanamke mmoja alibeba unga wa ulezi, mwingine kuku. Wanaume walikaa uani, kofia mikononi. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye aliwahi kumwuliza mkutanoni hesabu zake zitaongeza magunia mangapi, alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mwalimu. Tumesikia umefiwa. Ni nani huyo?"

Mume wangu akanitazama, nami nikainamisha kichwa. Angeweza kuwaambia wamekosea, warudi makwao. Badala yake alikaa nao, akawaeleza kwa Kifipa, polepole, akitafuta maneno: swali lilivyokuwa, alivyolianza, alipokwama, na kwamba wengine wamelimaliza kabla yake. Sikufuata yote, Kifipa changu kilikuwa cha kuulizia wagonjwa wanaumwa wapi. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akauliza kama hao watu wawili wamepata jibu sahihi.

"Sahihi kabisa," akasema. "Nimelihakiki mwenyewe. Ni zuri sana."

Hapo akalia, nao wakamwacha alie kama inavyofanywa msibani. Kisha tukala.

Ilichukua muda kabla hajarudi mezani. Aliporudi alianza swali jingine, dogo zaidi, lililozaliwa na kazi ya wale wawili, na hilo akalimaliza yeye. Jibu lake lilichapishwa katika mojawapo ya majarida yale, kurasa chache tu. Nilimpelekea mama nakala. Hakujua kusoma, akaniomba nimwonyeshe jina la mwanawe. Nikamwonyesha, na chini yake palipoandikwa Sumbawanga, Tanzania.

Mama akapitisha kidole pale kwa muda, kisha akauliza kwa nini hawakuandika Mollo.