Mwiko wa Chuma cha Kifuani

Mtu akisema jambo la kweli kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hayaamini, je, amesema kweli au amedanganya? Swali hili lilinipata katika hospitali ndogo ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, miaka ya vita, na mpaka leo sijalipatia jibu.

Nilikuwa nimetoka ng'ambo. Kanisa letu lilinivusha ziwa kwa boti, kisha likanipandisha ndege hadi nchi ya mbali, ambako walinipasua kifua, wakaondoa vali ya moyo iliyoharibiwa na homa za utotoni, wakaweka ya chuma mahali pake. Niliporudi, uchovu wa safari ukanilaza Baraka kwa wiki tatu. Barabara ya Uvira ilikuwa ya wenye bunduki, leo hawa, kesho wale. Hata hivyo, na nakiri kwa haya kidogo, sikumbuki kipindi kingine cha maisha yangu nilichojaa furaha ya kipumbavu kiasi kile. Nilikuwa napumua mpaka chini kabisa ya mapafu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nikiwa na miaka kumi. Kila kitu kilinichekesha, hata kuku aliyeamua kutagia chini ya kitanda changu. Na kucheka kuliniuma, kwa sababu mfupa wa kifua ulikuwa umefungwa kwa waya na haujaunga. Nilikuwa na mto wa sufi. Kicheko kikipanda, niliukumbatia kwa nguvu kama nilivyofundishwa, nikachekea ndani yake huku machozi yananitoka.

Aliyenitesa zaidi alikuwa jirani yangu wa kitanda, mvuvi mzee wa kijiji cha Swima aliyepasuliwa ngiri. Mchana mmoja mvua ilikatika ghafla juu ya mabati, wodi ikawa kimya, naye akageuza shingo.

"Kijana, saa yako iko wapi? Inanipigia kelele."

"Hapana saa, muzee. Ni moyo."

Alijiinua kwa kiwiko, akasikiliza. Ta, ta, ta.

"Moyo! Basi uniambie, iko saa ngapi?"

Nikaudaka mto. Tangu siku hiyo, uji ukichelewa, aliniamuru nitazame kifuani nimjulishe umechelewa kwa dakika ngapi.

Hatari ilikuja ndani ya sufuria. Barua ya madaktari wa ng'ambo ilieleza kwamba damu hupenda kuganda kwenye vali ya chuma, kwamba vidonge vyangu vya kila siku huizuia, na kwamba mboga za majani hupunguza nguvu ya vidonge. Si kwamba nisile kabisa. Nile kipimo kilekile kila siku, nisizidishe, nisipunguze. Nilikuwa nimesoma biolojia chuo kikuu. Nilielewa kila neno. Kisha nikala masahani matatu ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwa siku, na siku za wageni wengi, matano.

Kwetu, mgonjwa aliyekwisha kuliliwa na bado akarudi hulishwa na ukoo mzima. Majani hutwangwa, yakapikwa kwa mawese na ndakala, dagaa wa ziwa letu, na kila nyumba huleta sombe yake. Kuyakataa ni kumwambia mpishi kwamba unadhani amekutilia sumu. Miaka ile, kila kifo kilipotafutiwa mwenye kukileta, neno kama hilo liliweza kumfanya mpishi afukuzwe kijijini kama mchawi. Na shangazi yangu alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Mboko, sombe kichwani, akipita vizuizi viwili vya askari. Kwenye cha pili walitaka kuila.

"Nikabaambia, kuleni tu," alituhadithia, mikono kiunoni. "Ni ya mutu alikufa, akarudia, bakamutia chuma ndani. Wee! Baliruka kama mbuzi!"

Wodi nzima ilicheka. Ningemwambiaje, baada ya hapo, kwamba sili?

Muuguzi mkuu, ambaye pia ndiye aliyekuwa maabara yote ya hospitali, alinipima kila wiki kwa njia pekee tuliyokuwa nayo: damu kidogo kwenye kichupa cha kioo, akikiinamisha na kukiinua, macho kwenye saa, mpaka igande. Wiki ya tatu hakuinamisha mara nyingi. Alikisimamisha kichupa mbele yangu, damu haikusogea; ilikuwa imekwisha kuganda.

"Unakula nini?"

Nilimwambia.

"We, mutu wa iniversite!" Hakuwa anacheka. "Hii damu ikishika ile chuma, tunakuzika. Vidonge siwezi ongeza, mashine ya kupima muzuri hatuna. Na boti ya kukurudisha kule haiko."

Akaondoka. Nilibaki nimeukumbatia mto, ingawa hapakuwa na cha kuchekesha. Sauti ya mzee wa Swima ikanijia polepole.

"Sema ni mwiko."

"Lakini si mwiko, muzee. Ni vitamini ya ndani ya majani."

"Mimi sikule kambale tangu kuzaliwa. Juu ya nini? Sijui, baba hakukula. Mama-mukwe alinipikia kambale siku ya kwanza, nikasema mwiko, akaniletea kuku. Hakukasirika hata kidogo." Alijilaza tena. "Lakini we uko na masomo. Kesho umuambie shangazi vitamini. Mimi nitatega masikio."

Nilicheka mpaka waya zikanikumbusha zilipo. Kisha nikawaza mchana kutwa. Nilikuwa nimejifunza kwa miaka mingi kutosema nisichoweza kuthibitisha. Lakini kitu kinachokaa mwilini mwa mtu, kikataa chakula fulani, na kumuua akikaidi, kina jina gani lingine kwa Kiswahili cha nyumbani? Kabla jua halijazama nilikuwa nimekata shauri.

Asubuhi shangazi alipofunua sufuria, nilimshika kichwa, nikakiegemeza kifuani pangu. Alisikiliza muda mrefu, mdomo wazi.

"Shangazi, hii chuma iko na mwiko yake. Sombe kikombe moja kwa siku. Ikizidi, inaniua."

"Nani aliitia mwiko?"

"Benye kuitengeneza."

Alinyoosha mgongo, akanitazama kwa hasira ya kweli.

"Na ulikuwa unangojea nini kusema? Unataka tukuue sisi na mikono yetu?"

Akachukua kikombe cha bati kando ya kitanda, akakijaza sombe mpaka ukingoni, akasawazisha juu kwa kidole, akanikabidhi. Nikala chote, polepole. Nilipomaliza, aliifunika sufuria, akawatangazia wanawake waliokuwa wakiingia na vyungu vyao kwamba zamu zitapangwa na yeye.

"Mama," mzee wa Swima aliita, sahani tayari mkononi, "miye sina chuma."