Unga wa Kwanza wa Asubuhi

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, lakini mvua haikunyesha.

Mwanamke mwenye mashine ya kusaga nyuma ya soko wote walimwita Mama Vumbi, maana kila jioni alirudi nyumbani mweupe pe hadi kwenye kope. Mashine aliachiwa na marehemu mumewe, naye akajifunza mwenyewe kubadilisha mkanda na chekeche. Sheria yake ilikuwa moja: unga wa uji wa mtoto mchanga hausubiri foleni. Mashine ikiwashwa tu, mama mwenye kopo la mtoto alipita mbele, na wenye magunia wakanywea. Sheria hiyo alijivunia kuliko mashine yenyewe.

Siku hiyo wa kwanza alikuwa bintiye, ambaye mwanawe ndiyo kwanza anaanza uji. Jua halijawa kali, binti akarudi, mtoto mgongoni, kopo mkononi.

"Mama, hebu nusa."

"Ninuse nini? Karanga zako hizo, hukuzichambua."

"Nimechambua karanga na mahindi punje kwa punje mpaka macho yakanitoka. Kliniki walituambia ukungu una sumu, inaumiza ini la mtoto na kumdumaza, na hata ukichemsha uji kutwa haitoki. Sasa harufu hii imeingilia wapi?"

Mama Vumbi alichota unga kwa kidole, akanusa. Aliijua harufu ile. Ilikuwa ya mahindi ya Baba Kuku, mfugaji aliyeleta magunia yake kila jioni watu wakishaondoka: mahindi yaliyonyeshewa yakaota ukungu, ambayo hakuna mtu angeyanunua ale.

Akazima mashine katikati ya gunia la mtu. Foleni ikaguna. Akafungua kifuniko, akagonga kwa mpini wa brashi. Yakaanguka mabonge ya unga wa kijivu. Akakung'uta mfuko wa kitambaa wa kutolea unga, yakaanguka mengine. Yaliyobaki jioni yalitoka asubuhi, na wa asubuhi walikuwa watoto.

Angeweza kufagia na kunyamaza. Binti asingemwaibisha mamaye. Lakini benchini walikaa akina mama wengine wenye vikopo, na kila mmoja aliwahi kuwa wa kwanza.

"Jamani, sogeeni muone."

Walisogea. Akawaonyesha mabonge, akawaambia yametoka kwenye mahindi gani. "Anayepita wa kwanza ndiye anayefagia mashine. Na mbele nimekuwa nikiwaweka watoto wenu."

Muuza mitumba, mama wa mapacha, alishika kiuno. "Kumbe! Na mimi nilivyokuwa nikipigania mbele kama naachwa na basi!"

"Haya, ukifunga mashine tena, nani ataanza?" akauliza mwenye gunia lililokatizwa.

"Tangulia wewe, kaka," mwanamke mmoja kwenye foleni akamwambia.

"Aa, mimi sina haraka, shangazi."

"Leo adabu imewajaa mpaka pomoni!" muuza mitumba akadakia.

Walicheka, ila si wote. Mmoja alichukua kopo lake akavuka barabara kwenda mashine nyingine. Mama Vumbi hakumwita.

"Na mimi, mama," binti akasema polepole, "sisagi hapa mpaka magunia ya Baba Kuku yakome."

Jioni Baba Kuku akafika na mkokoteni. "Shemeji, leo mzigo upo!"

"Urudishe. Mahindi ya ukungu hayaingii tena humu."

"Kuku wangu hawajawahi kulalamika."

"Wangelalamika kwa lugha gani? Lete mahindi mazima, nitakusagia."

"Mwisho wa mwezi nani atakulisha? Hao wenye vikopo?"

"Hao hao."

Akageuza mkokoteni, akiongea peke yake hadi kwenye kona.

Asubuhi iliyofuata Mama Vumbi alifungua mashine yote, akaipiga brashi hadi pembeni, akafunga kitambaa kipya. Akasaga debe la mahindi yake mwenyewe, safi, yafagie mashine, na unga wake akaufukia shimoni. Kisha akaenda kwa bintiye. Alimkuta uani, ungo mapajani, anachambua. Mama Vumbi akaketi, akamimina nusu ya punje kwenye sinia, akaanza kutoa mbovu.