Dada Yangu na Chuo cha Mabati

Dada yangu aliandika tarehe kwenye kila kitu. Kipande cha sabuni kabla hakijagusa maji, betri za redio, kopo la chumvi, hata soli za viatu vipya. Kalamu ya wino usiofutika haikumtoka mfukoni. Ukimpelekea mkate, ulikuwa umeshaandikwa tarehe kabla hujakaribishwa kiti. Wanangu walimwita Mama Mkubwa Tarehe. Naye alicheka, akaendelea kuandika.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Aliipata akiwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi, katika chuo kikuu ambacho baba alikitaja hata kwa watu waliomuuliza saa. Likizo moja alizunguka kwenye majengo kumi na tisa yaliyokuwa yakijengwa, akitazama na kuandika daftarini. Sheria ilitaka kila jengo kubwa lipeleke maabara vipande vya zege lake, vikabanwe na mashine mpaka vivunjike, ijulikane nguvu yake. Dada aligundua kwamba vipande hivyo vilikorogwa pembeni, kwa saruji nyingi. Zege la nguzo zenyewe lilikuwa jingine kabisa.

Alimpa profesa, mkuu wa idara yake, daftari lile alisome. Muhula uliofuata kazi yote ikatoka kwenye jarida la chuo kwa jina la profesa. Dada akalalamika. Akakalishwa mbele ya watu watano.

"Daftari hili liliandikwa lini?"

Hakuwa ameweka tarehe hata moja.

"Binti ana mwandiko mzuri," profesa alisema. "Amenakili makala yangu vizuri sana. Angefaa ukarani."

Wakacheka. Wakamfutia mwaka mzima.

Nyumbani baba alimwambia, "Kamwombe radhi, yaishe."

"Nimwombe radhi kwa kuniibia?"

"Kwa kupiga kelele."

Hakwenda. Aliomba uhamisho vyuo vitatu, vyote vikamkubali. Viwili vilikuwa vya binafsi, vyenye bustani na barua za maandishi ya dhahabu. Cha tatu kilikuwa cha umma, upande wa pili wa mji, madarasa yameezekwa mabati na mvua ikinyesha mwalimu ananyamaza mpaka iishe. Watu walikiita Chuo cha Mabati. Akachagua hicho.

"Kile?" mjomba alisema, akaweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Nasikia mbuzi wa jirani wameshafika mwaka wa tatu."

"Basi nitawakuta darasani, mjomba, waninong'oneze majibu."

Baba hakucheka. Tangu siku hiyo hakulitaja tena neno chuo, na aliyemuuliza saa aliambiwa saa tu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikamsindikiza kujiandikisha. Mama wa usajili alizisoma alama zake mara mbili.

"Mwanangu, hujapotea? Watu hutoka huku kwenda kule."

"Masomo yangu ya nyuma mmeyapokea yote?"

"Yote."

"Na mashine ya kubana zege ni yenu?"

"Ni yetu. Mji mzima hakuna nyingine yenye kibali."

"Basi sijapotea, mama."

Tulipotoka getini nilimuuliza mashine ina nini. "Yule ni mhandisi," akasema. "Siku moja atajenga. Akijenga, ataleta vipande hapa. Hana pengine pa kuvipeleka."

Kule alikotoka, wanafunzi mia mbili waliitazama mashine ya kufundishia tu, kupitia kioo. Huku walikuwa kumi na wanne, na kila mmoja aliipaka mafuta kwa mkono wake. Walimu walimjua kwa sauti. Ningependa kuandika kwamba alikipenda chuo kile kwa wema wake, na pengine alikipenda. Lakini alikichagua kama mtu anavyochagua pa kuvizia.

Alihitimu wa kwanza, akabaki kama fundi wa maabara, kisha mkuu wa maabara. Mara mbili aliitwa kwenye kazi nzuri zaidi, mara mbili akakataa. Mchumba wake alipata kazi ng'ambo, akamsubiri mwaka mmoja, akachoka. Miaka kumi na mitano dada alifungua maabara ile saa moja asubuhi na kusoma majina kwenye fomu.

Siku moja jina likaja. Profesa, sasa mstaafu mwenye kampuni yake, alikuwa anasimamia ujenzi wa bweni la ghorofa sita. Vipande vyake vilivunjika kwa namba nzuri, na dada akaziandika namba hizo kama zilivyo. Jengo lilipofika ghorofa ya nne, aliiandikia ofisi ya majengo ya mji: nguzo zitobolewe kwa keekee, zege litolewe humohumo, lipimwe. Lilivunjika kwa nusu ya nguvu iliyotakiwa. Bweni likaamriwa kubomolewa, profesa akanyang'anywa kibali.

Nilikuwepo maabara siku aliyokuja. Suti yake ilikuwa imempwaya.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Haya mambo ni ya kuzungumza tu."

"Ni ya kuandika, Profesa. Andika barua, ipeleke dirisha la pili. Usisahau tarehe."

Alimtazama kwa heshima ya mtu anayeomba. Hakumkumbuka. Dada aliliona hilo, nami nikaona lilivyomuuma. Mzee akaenda dirisha la pili, akapanga foleni nyuma ya wanafunzi.

Miaka miwili baadaye dada alilazwa, figo zimechoka. Mchana mmoja nilikuwa namenya chungwa kando ya kitanda chake, nikasema, ili kumfurahisha, kwamba ni bahati aligundua hila ile kwenye ghorofa ya nne, kabla wanafunzi hawajaingia bwenini.

"Niligundua kwenye msingi," alisema. "Vipande vya kwanza vilivunjika kwa namba ileile vyote vitatu. Zege la jengo halivunjiki hivyo."

"Mbona hukuandika?"

"Chini ya ghorofa nne wangezivisha nguzo zege jipya, wakaendelea kujenga. Zikishafika nne, ni kubomoa tu."

Nililiweka chungwa chini. "Dada, na mafundi? Watu sitini, miezi minane, juu ya nguzo zile?"

Nesi akaja, akabadilisha dripu, akaondoka. Ndipo aliponijibu, kisha akageukia ukutani, na baada ya hapo hakusema nami tena.

"Kila asubuhi nilikuwa napita pale, mdogo wangu, naomba lisianguke kabla ya ghorofa ya nne."