Unga wa kahawia mu chai yangu

Naungama mwenyewe, mbele majirani wanitangulie kusimulia. Tangu infirmiye anikataze sukari sababu ya diabete, mukamwana wangu, bibi ya mutoto wangu, akaanza kunitilia unga wa kahawia mu chai. Nikamusikia anaambia jirani: «Natia kidogo tu. Nikizidisha, Mama atajua.»

Nikasema, njo karuho hii, ile sumu ya pole pole! Nikaiba ule unga, nikaufunga mu kona ya kitenge, kwenye nazoea kuficha vitu vyangu, nikamuvuta mukamwana mpaka ku santre ya afya. Nikafungua kifundo mbele ya wagonjwa wote: «Huyu anataka kuniua!»

Infirmiye akanusa, akaonja. «Mama, hii ni mudalasini, ili chai bila sukari ikupendeze.»

Watu wakacheka. Mukamwana hakucheka, alikuwa anaangalia chembe nyeupe mu kifundo changu.

«Na hii sukari yenye iko ndani, Mama, nani alikufungia?»